Land Rover ya jeshi iliyoshindwa na sakitu ya Makete: uchambuzi wa kisa

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, chasisi ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya silinda nne, ujazo wa cc 2,286. Lilizaliwa jeshini, likauzwa mnadani likiwa hoi, na tangu hapo limemaliza matairi yake Kigoma, kati ya Mwanga, Ujiji na barabara ya Kasulu. Mwenyewe ni mzee Mkinga aliyefanya kazi huku ziwani mpaka akastaafu, sasa anarudi kwao Makete kulima viazi upande wa Kitulo. Huko ni zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Sisi hapa kando ya Ziwa Tanganyika tuko kwenye mita 770 na kidogo.

Mara ya kwanza alilipeleka mwezi Julai, kusalimia tu. Lilipanda vizuri, likalala nje, na asubuhi nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu likakataa kuwaka. Staata ilizunguka kivivu mara mbili tatu, ikanyamaza. Vijana wakalisukuma hadi mteremkoni, likashika kwa moshi mweusi, na kutwa nzima mshale wa joto haukuinuka. Jioni akaona maji yanadondoka ubavuni mwa injini. Aliporudi Kigoma alilileta gereji kwetu akiwa na mpwa wake, ambaye dawa alikuwa nayo tayari: ng'oa injini hii, weka dizeli ya Hilux, kazi imekwisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Huyu kijana anataka kunizikia gari likiwa hai. Hebu niambie wewe, Waingereza walipolitengeneza hawakuijua baridi?"

Waliijua sana. Jeshi la Uingereza lilipeleka Land Rover zake mazoezini Norway, kwenye theluji na usiku wa chini kabisa ya sifuri, na Kitulo ukilinganisha na huko ni majira ya joto. Hata hili la mzee, ambalo halikuandaliwa kwa ajili ya theluji, lilitoka kiwandani na karibu kila kitu linachohitaji kulala Makete na kuamka: themostati, hita, mfuniko mzuri wa rejeta, umeme wa volti 24. Tulipolifungua tukakuta vitu hivyo vimeng'olewa au vimezungukwa, kimoja baada ya kingine, na mafundi wa nchi ya joto. Kila kimoja kiliondolewa kwa sababu iliyokuwa na maana siku ile. Hicho ndicho kiini cha kisa hiki, na ndiyo maana nilimwambia mpwa kwamba dizeli ya Hilux ingefika Makete na matatizo yaleyale, mradi tu sisi wenyewe ndio tungeifunga.

Nyumba tupu ya themostati

Tulipoinua nyumba ya themostati hatukukuta themostati. Tulikuta ukoko wa kijivu mgumu, unaotoka kwa bisibisi, na mdomo wa ile aluminiamu umelika mpaka gasketi haina pa kukaa. Hakuna fundi wa Kigoma atakayeshangaa. Gari likianza kuchemsha hapa, jambo la kwanza ni kutoa themostati. Maji yanapita bila kuzuiwa, mshale unashuka, mteja anashukuru.

Kazi ya themostati ni kuyafungia maji ndani ya injini hadi yafike karibu nyuzi 80, ndipo iyaruhusu kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, maji yanapozwa tangu dakika ya kwanza. Kigoma, ambako usiku wa kiangazi mara chache unashuka chini ya nyuzi 15, hasara yake huioni upesi. Makete injini haipati moto kabisa. Petroli iliyoingia haigeuki mvuke wote. Inashuka na kuta za silinda, inasafisha oili iliyopo, inaishia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Tulipochomoa dipstiki oili ilinuka petroli, na chini ya kifuniko cha kujazia oili kulikuwa na utando mweupe, ule unyevu ambao injini ya moto ingeufukuza yenyewe.

Lakini kabla hujanunua themostati mpya uliza ile ya zamani ilitolewa kwa nini. Gari hili lilikuwa linachemsha kwa sababu rejeta imeziba, na rejeta iliziba kwa maji ya ziwa. Maji ya Tanganyika ni matamu kuyaoga, ila yana magnesiamu nyingi na pH yake ni karibu 9, yaani yana ubesi wa kutosha kuila aluminiamu taratibu. Kila yanapopungua kwa mvuke na dereva akaongeza mengine, chumvi zinabaki. Miaka ikipita, vimirija vya rejeta vinakuwa kama mishipa ya mzee mwenye presha. Ungerudisha themostati juu ya rejeta ile, gari lingechemsha kabla ya kufika Uvinza, na tungeambiwa tumeharibu.

Kwa hiyo tulianzia kwa fundi rejeta. Alibandua matangi ya juu na ya chini kwa moto, akachokonoa mirija mmoja mmoja kwa upanga mwembamba wa chuma, akaunga upya. Kipimo chake ni cha kizamani na nakiamini: ziba chini, jaza, achia, maji lazima yashuke kwa kishindo. Hapo ndipo themostati mpya ikaingia, nayo si kabla ya kupita kwenye sufuria. Unaining'iniza kwa uzi ndani ya maji jikoni, unaweka kipimajoto pembeni, unatazama. Ya kwanza tuliyouziwa ilibaki imefunga hadi maji yanatokota. Ingeua injini. Ya pili ilianza kufunguka ilipopaswa.

Yale maji ya ubavuni yalitoka kwenye kisahani kimoja cha bloku kilichosukumwa nje na barafu. Wengi hudhani visahani hivyo viliwekwa ili maji yakiganda vitoke vyenyewe na kuokoa bloku. Sivyo. Ni matundu yaliyobaki wakati wa kusubu chuma, ya kutolea mchanga wa kalibu, yakazibwa. Mzee alikuwa na bahati kwamba kisahani kiliachia kabla bloku haijapasuka. Tulibadili vyote, maana vilivyobaki vilikuwa vimeliwa na kutu hadi unaviona vinabonyea.

Friza la muuza migebuka

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta. Mzee aliiita maji ya rangi, na nusu ya kulanti zinazouzwa madukani zinamuunga mkono. Badala ya kubishana tuliazima kona ya friza la jirani yetu muuza samaki, tukaweka humo chupa ndogo za plastiki: moja maji ya bomba, moja kulanti ya kijani iliyoandikwa kwamba iko tayari kutumika, moja mchanganyiko wetu wa theluthi moja ya glikoli halisi, kimiminika kinachozuia maji yasigande, na theluthi mbili za maji ya betri (yale yaliyosafishwa, si tindikali), na moja nusu kwa nusu. Tulitia pia oili mbili vikombeni: namba 40, ambayo ndiyo iliyokuwa kwenye injini, na 15W-40, ambayo baridini haiwi nzito upesi.

Asubuhi maji ya bomba yalikuwa jiwe na chupa imetuna kitako. Ile ya kijani ya dukani ilikuwa jiwe vilevile, rangi nzuri tu. Theluthi moja ilikuwa uji wa barafu unaotikisika, jambo la kutarajiwa, kwa kuwa mchanganyiko huo huanza kuganda karibu na nyuzi 18 chini ya sifuri na friza la namna ile hucheza hapohapo. Nusu kwa nusu ilibaki maji. Kitulo haifiki huko hata kwa mbali, kwa hiyo theluthi inatosha na pesa inabaki mfukoni. Tena glikoli ya kweli huja na dawa ya kuzuia kutu, ambayo kwa aluminiamu iliyokwisha kuliwa na ziwa ni muhimu kuliko habari yote ya barafu.

Oili ndiyo iliyomnyamazisha mzee. Kikombe cha namba 40 alikiinamisha, akasubiri, akakigeuza chini juu. Oili ikajifikiria kwanza. Ile 15W-40 ilitiririka polepole lakini ilitiririka. "Basi staata ilikuwa inasukuma kitu hiki," akasema. Ndiyo. Wenzetu wa Tabora na Kigoma wanapenda namba 40 kwa sababu injini iliyochoka hutoa moshi kidogo ikiwekewa oili nzito, na sina ugomvi nao. Ugomvi ni kuipandisha gari milimani nayo.

Mzee alikuwa na mpango wake mbadala: kumwaga maji kila jioni na kuyarudisha ya vuguvugu asubuhi. Ni mbinu halali, majeshi yamefanya hivyo na zaidi. Baada ya baridi iliyowakuta mbele ya Moscow mwaka 1941 Wajerumani waliweka kwenye vifaru vyao kifaa cha kupitishia maji ya moto kutoka kifaru kilichowaka kwenda kwa kile kilicholala. Tatizo la gari letu ni kwamba lina koki mbili za kumwagia, ya rejeta na ya bloku, na ya bloku ilikuwa imezibwa na ukoko kabisa. Ukifungua ya rejeta peke yake unadhani umemaliza, kumbe maji yamebaki palepale yanapopasua. Tuliizibua, na bado nikamwomba asiitegemee.

Betri mbili zisizolingana

Hapa ndipo palipotuchukua muda, na ndipo palipo na funzo kwa yeyote mwenye gari la jeshi lililotoka mnadani.

Land Rover hii ni ya lile toleo lililoandaliwa kubeba redio za mawasiliano. Ina betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo, pamoja zinatoa 24. Mfumo wake wa asili wa kuchoma plagi ulikuwa umefunikwa chuma chote, distributa hadi waya, ili cheche zisipige kelele kwenye redio. Spea zake hapa hazipatikani, kwa hiyo fundi wa zamani aliutoa akafunga distributa ya kiraia, inayogawa cheche kwa plagi, na koili ya volti 12, inayozikuza cheche hizo. Umeme wa koili akauchukua kwenye betri moja. Baadaye redio ya muziki ikaunganishwa hapohapo, kisha chaja ya simu.

Betri hiyo moja ikawa inalisha nyumba nzima, huku mwenzake anapokea chaji asiyoitumia. Tulizipima kwa kipimo cha uzito wa tindikali. Betri isiyo na mzigo ilionyesha 1.260, ambayo ni shibe. Ile yenye mzigo ilikuwa 1.170 na seli mbili chini zaidi. Dinamo inayoziona kama kitu kimoja cha volti 24 haiwezi kumaliza tofauti hiyo. Inamchemsha aliyeshiba na kumwacha mwenye njaa.

Kigoma gari liliwaka kila asubuhi, kwa kuwa oili ni nyepesi na staata haiombi sana. Sakitu ilibadilisha hesabu pande zote mbili. Betri ikipoa nguvu yake hupungua, na oili ikipoa staata huomba umeme zaidi. Tulipoiga hali hiyo gerejini kwa kuitesa staata gari likiwa kwenye gia, volti za betri dhaifu zilianguka chini ya 8. Na koili inakula kutoka hapo. Yaani katika sekunde ileile injini inapohitaji cheche kali kuliko zote, inapewa dhaifu kuliko zote. Kusukuma kuliwezekana kwa sababu staata haikuhusika, betri ikapumua, cheche ikarudi.

Mpwa alishauri tugeuze gari lote kuwa volti 12, na safari hii hakuwa na ujinga wowote. Wengi hufanya hivyo na magari yanatembea. Nilikataa kwa sababu moja. Kwa kazi ileile staata ya volti 24 inavuta nusu ya ampea za staata ya volti 12, na kwenye nyaya na vituo vilivyozeeka, upotevu mdogo asubuhi ya baridi ni mali. Pia volti 24 hapa si ugeni. Kila Fuso na Scania inayoleta saruji mjini ina volti 24. Balbu, fyuzi na relei zake zinauzwa kila kona.

Tulichofanya ni kuondoa kila waya ulioegemea betri moja. Redio na chaja vikapewa konvata ndogo ya lori, inayoshusha volti 24 kuwa 12. Koili tukailisha kutoka volti 24 kupitia rizista, kipande kinachozuia sehemu ya umeme. Koili ina omu 3, tukaweka rizista ya omu 3 inayostahimili moto, hivyo kila mmoja anachukua nusu na koili inapata volti zake 12. Kisha tukavuta waya wa pili kutoka kwenye solenoidi ya staata, swichi yake nzito, unaoruka rizista. Ukipiga staata, betri zote mbili zikianguka hadi 18, koili inapata hizo 18 zote kwa muda ule mfupi. Ukiachia ufunguo, rizista inarudi kazini. Mpangilio wa namna hii ulikuwa kwenye magari mengi ya zamani ya kiraia, sisi tumeukuza tu kwa volti 24. Rizista ifungwe mahali penye hewa, mbali na waya za plastiki, maana inakuwa moto wa kuunguza kidole.

Betri tulinunua mbili mpya, aina moja, siku moja. Kuchanganya mpya na ya zamani kungerudisha ugonjwa kwa mlango wa nyuma.

Hewa nyepesi

Ule moshi mweusi haukuwa wa baridi peke yake. Kutoka ziwani hadi Kitulo hewa inapungua uzito kwa takriban sehemu moja ya sita, lakini jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, haijui kwamba umepanda. Inaendelea kumwaga petroli. Ongeza choki, ile ya kunenepesha petroli wakati wa kuwasha, iliyovutwa muda mrefu na injini isiyopata moto, plagi zitageuka mkaa. Tuliweka jeti kuu ndogo kidogo kwenye kabureta yake ya Zenith, tukamwachia ile ya zamani ndani ya bahasha kwa siku atakayoshuka Mbeya kuishi. Taimingi ya cheche tukaisogeza mbele kiasi, jambo ambalo mlimani injini inalikubali bila kugonga.

Mfuniko wa rejeta nao ulihusika kwa njia ambayo watu huisahau. Kwenye mita 2,700 maji yasiyokandamizwa hutokota karibu na nyuzi 91. Mfuniko wa paundi 9 kwa inchi ya mraba ukiwa mzima unayapandisha hadi zaidi ya 100. Wake ulikuwa na mpira uliokauka, haukandamizi kitu. Kwa hiyo gari lilelile lingeweza kuganda alfajiri na kutokota saa nane mchana likipanda na viazi.

Mbele ya grili tuliweka pazia la turubai, linalokunjwa kutoka juu na kufungwa kwa mikanda, kama yalivyokuwa ya jeshi. Alilishona fundi wa maturubai ya malori. Hita ilikuwa boksi tupu, hozi zake zimezibwa kwa bolti mbili nene; tulipata kiini kilichotumika, na feni yake, kwa kuwa ya volti 12 ingeungua, tukaiazima kwa Fuso iliyokufa. Inapiga kelele, inapuliza. Milango na vioo vya kusukuma tukavipa mipira mipya na tusitegemee miujiza: Land Rover ya zamani huvuja upepo, na mwenye nayo huvaa koti.

Chasisi na bodi sitaviandikia sana. Bodi ni aluminiamu, kutu ilikuwa kwenye ukuta wa chuma mbele ya miguu ya dereva, tukakata na kuchomelea. Kilichonifurahisha ni hali ya injini ndani, kwani kuna wakati gari hili lililazwa miaka na aliyelilaza alimimina oili kwenye silinda kabla ya kulifunika. Sisi wa Kigoma tusishangae. Wahandisi wa Kijerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen mwaka 1916 waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1927 ikatembea ziwani kwa jina la Liemba.

Kilichotokea Makete

Gari liliondoka kupitia Uvinza, Mpanda na Sumbawanga, likakatiza Tunduma hadi Mbeya, likapanda kwa Isyonje na Kikondo. Mzee alipiga simu akiwa Sumbawanga kusema mshale umesimama katikati kwa mara ya kwanza tangu alinunue, akadhani geji imekufa.

Julai iliyofuata lililala nje kwenye sakitu makusudi. Linawaka kwa choki, staata ikizunguka kwa nguvu, na choki inarudishwa mapema kuliko alivyozoea. Pazia analiacha limefunga hadi mshale uinuke, kisha analikunja nusu. Akishuka kwenda Mbeya analikunja lote, na siku dereva alipolisahau mshale ulimkumbusha. Gia boksi ina ugumu asubuhi mpaka oili yake ilainike. Sili ya nyuma ya krenki inavuja zaidi ya zamani, nadhani kwa sababu 15W-40 inapita palipokuwa pamezuiwa na unene wa namba 40, na hiyo itasubiri injini ishushwe.

Mpwa bado anataka dizeli, sasa kwa sababu ya bei ya petroli, na hapo sina cha kumjibu. Wiki hii mzee aliagiza themostati ya akiba. Tumeitia kwenye basi ikiwa imeshapita kwenye sufuria, pamoja na gasketi mbili na dumu la mchanganyiko wa kulanti, maana dereva wake alikwisha anza kuongeza maji ya kisima.